Karibuni Wakimbizi Wote

Kentwood, Michigan, tarehe 3 Novemba 2025

Yaya,

Nimepata odio yako ya dakika saba, na ile ya mama ya dakika kumi na tisa. Ya mama nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Nimeelewa kwamba ile picha niliyotuma kwenye kundi la familia imefika Nyamitaba kabla ya maelezo yake, kwamba mama amewaonyesha wamama wa Legio, na kwamba tangu Jumapili wananisalia rozari kwa zamu, kwa sababu mtoto wao aliyebatizwa, akapewa kipaimara, akaimba kwaya, ameonekana Marekani akiwa nusu mtu nusu ng'ombe, ameanguka chini, mifupa ya maiti imemsimamia, na mtoto wake wa kumzaa anampiga kichwani kwa fimbo yenye manyoya.

Sikatai. Yote hayo yamo katika picha. Ila nakuomba upande tena pale kilimani penye mtandao, uishushe barua hii, kisha uwasomee polepole. Rozari wasizikatize. Baridi imeanza huku, zitafaa kwa mambo mengine.

Nianzie kwenye karatasi.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi, kwenye duka la Waafrika tunaponunua sombe ya barafu, ilibandikwa karatasi ya rangi ya machungwa. Kentwood hii, mji ulioshikana na Grand Rapids, ina watu wa kila namna: Wabosnia, Wavietnamu, Wabhutani, Wasomali, na sisi. Basi walioandaa jambo lao walitaka kila mtu asome kwa lugha yake. Kiingereza chao kilikuwa kinawakaribisha watu wa mbio. Wakakitia kwenye simu, simu ikatafsiri, na karatasi ikatoka na Kiswahili hiki kwa herufi kubwa: KARIBUNI WAKIMBIZI WOTE! Chini yake: Jumamosi tarehe 25, saa 9 asubuhi, bustanini. Kila mmoja atapewa namba, fulana, maji na chakula.

Yaya, wewe hukukaa kambini, kwa hiyo acha nikueleze. Mtu aliyeishi Nakivale miaka kumi na moja, akiona neno "wakimbizi", neno "namba" na neno "chakula" kwenye karatasi moja, miguu yake inaamka kabla yake. Simu zikaanza usiku uleule.

"Umeona? Wanagawa."

"Wanagawa nini?"

"Fulana."

"Fulana ni kitu gani?"

"Mupira. Na chakula."

"Unga ao mchele?"

"Hawakuandika. Beba mfuko."

Ukilitazama, kosa lenyewe ni dogo. Mkimbiaji na mkimbizi, lugha yetu imewalaza kitanda kimoja kama ndugu, na simu haiwezi kujua nani ameamkia upande gani. Aliyegundua ni binti yangu. Ana miaka 13 na ndiye waziri wetu wa mambo ya nje: barua za shule, za daktari, za deni la tiketi ya ndege, zote zinapita mezani kwake. Alisoma upande wa Kiingereza, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Papa, hawagawi kitu. Ni mbio za Halloween. Kilomita tano. Unavaa kama shetani, halafu unakimbia."

"Na chakula?"

"Mandazi, mwishoni."

"Mwisho wa nini?"

"Wa hizo kilomita tano."

Nikawapigia watu kumi na wawili kuwatahadharisha. Nusu yao hawakuamini. Walidhani nataka kupunguza foleni.

Sasa, mama ameuliza swali moja mara nne katika dakika zile kumi na tisa: nani alikuwa anawakimbiza? Nimelifikiria kazini usiku kucha. Mwezi wetu wa kwanza hapa, nilikuwa dirishani jioni, nikaona mwanamke anapita mbio. Hana mzigo, hana mtoto, hana godoro kichwani. Sikumwangalia yeye, niliangalia nyuma yake. Nilisimama pale dakika tano nzima nikingoja kuona kinachokuja, na mama watoto tayari alikuwa ameshika begi la vyeti. Hakikuja kitu. Baada ya nusu saa mwanamke yuleyule akarudi kwa njia ileile, akaingia nyumbani kwake. Hivyo ndivyo wanavyofanya huku. Mtu anakimbia kutoka mlango wake mpaka mlango wake.

Na wanalipa. Dola 30 mtu mzima, dola 15 mtoto, aliye chini ya miaka mitano bure. Mimi, mama watoto, shemeji, na wale wawili wakubwa: dola 120. Najua umekwisha kuzigeuza mbuzi. Mimi pia niligeuza, nikapata mbuzi na chumvi yake. Lakini pesa zilikuwa za kununua vitabu vya shule ya watoto, na mwalimu alikuja mwenyewe mpaka mlangoni na tabasamu, na wewe unanijua mbele ya mwalimu. Juu ya malipo kuna karatasi ya kusaini, inayosema ukianguka, ukivunjika, hata ukifa, hutamshtaki mtu. Shemeji alitaka asomewe mara tatu, kisha akauliza, "Na hiyo ndiyo ya dola 30?"

Halloween yenyewe waeleze wamama hivi, wapumzike. Ni mkesha wa Watakatifu Wote, tarehe 31 mwezi wa kumi, na jina lake maana yake ndiyo hiyo. Waliileta hasa Waairishi walipohamia Amerika kwa wingi zama za njaa yao. Kwao walikuwa wanachonga sura za kutisha kwenye mizizi migumu kama tanipu, wakaweka moto ndani; walipofika huku wakakuta maboga, makubwa na laini, wakahamia maboga. Siku hizi kila uwanja una mifupa ya plastiki, na makaburi ya karatasi yenye majina ya kuchekesha. Jirani yetu, mama mzee mstaafu anayetuletea nyanya zake kila kiangazi, hutundika maiti ya matambara mlangoni. Mwaka wa kwanza mama watoto alikataa kutoka nje siku mbili. Siku ya tatu alitoka, akaivuta maiti mguu, akaona ni suruali imejazwa magazeti, akarudi amekasirika kwa sababu suruali ilikuwa nzima.

Kuhusu maboga, afadhali mama asisikie. Wanayanunua, wanayatoboa macho na meno, wanayaweka nje, yanaoza. Mwaka 2023 huko California walipima boga moja likatoa kilo 1,247. Hilo si boga, hao ni ng'ombe watatu. Mama watoto hakushangaa uzito, alitaka kujua majani yake yalipelekwa wapi. Bisusa za boga lile zingelisha harusi pande zote mbili.

Tuje kwenye ng'ombe.

Shemeji ndiye aliyempata, kwenye duka la mitumba, dola 12. Ni vazi la watu wawili: mmoja anaingia mbele, anavaa kichwa na miguu ya mbele, mwingine anainama nyuma, anamshika mwenzake kiuno. Tulifurahi kama watu waliokutana na mtu wa kwao. Halafu tukamkagua. Yaya, aliyemshona hajawahi kulala nyumba moja na ng'ombe. Rangi nyeusi na nyeupe, sawa, hata Masisi wapo. Lakini pembe zimelegea kama ndizi za kuchemsha. Anatabasamu. Kiwele kimeota karibu na kifua, cha waridi, na chuchu ni tano. Nilihesabu, shemeji akahesabu, tukamwita mama watoto akahesabu. Tano. Ndama wa namna hiyo kwetu angeuzwa kabla jua halijachomoza, kwa mtu wa mbali.

Ugomvi ukawa nani akae nyuma. Unajua shemeji ni mtu wa heshima. Huwezi kumwambia ndugu wa mke wako ainame aweke uso wake pale, kilomita tano, mbele ya walimu wa watoto. Na yeye hawezi kuniambia mimi. Tulikaa kikao kama cha mahari. Mwishoni alikubali kwa kreti mbili za soda na paja la mbuzi, akiongeza kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya dada yake.

Kijana wangu wa miaka tisa alitaka Spider-Man, dola 40. Nikamwambia shujaa wa dola 40 hatumwezi, lakini tunaye wa kwetu wa bure. Nikamsimulia Mwindo, kama koko wa Walikale alivyokuwa akitusimulia pale jikoni, macho yetu yamejaa moshi. Mama anakumbuka. Baba yake, Shemwindo, alikuwa amekataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa hivyohivyo, anatembea na kusema, mkia wa kupungia nzi mkononi, ndiyo maana wanamwita Kabutwa-kenda, mzaliwa-akaenda. Baba yake alijaribu kumuua, mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na ngoma ikaimba. Kijana alisikiliza mdomo wazi, kisha akasema, "Papa, hii umetunga." Basi nikaenda maktaba ya mji, wakaniagizia kitabu kutoka chuo kimoja. Mzee Rureke wa Wanyanga alisimulia kisa chote mwaka 1956, kwa siku 12, na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakakitoa California mwaka 1969. Nikamwonyesha. Kwa hiyo, Yaya, mimi mjukuu wa yule koko nimethibitisha hadithi yake kwa Kiingereza, kwa kitabu cha kuazima, na faini ya kuchelewesha nisipokirudisha.

Mkia hatukuwa nao. Tulichukua dekio la nyuzi nyeupe, tukakata mpini ukabaki wa mkono mmoja. Tukamfunga kitenge kiunoni juu ya suruali mbili. Alipendeza. Mama mmoja aliyevaa kama mchawi alimwinamia akamuuliza kama yeye ni mfagiaji. Mtoto akamjibu kwa kimo chake chote, "Mimi ni Mwindo. Nilizaliwa natembea." Mchawi akasogea nyuma hatua moja.

Siku yenyewe ilipofika ilikuwa baridi ya digrii mbili, na huku mwishoni mwa mwezi wa kumi jua halitoki kabla ya saa mbili. Tulifika bustanini gizani. Kulikuwa na gari moja limekwisha kufika, vioo vina ukungu. Ndani amekaa mzee wetu mmoja, mtu wa Mweso, amejifunga blanketi, ameshika kadi yake ya Nakivale ndani ya plastiki. Karatasi ilisema saa 9. Yeye aliisoma kama mtu mwenye akili timamu anavyosoma saa tisa, akafika saa tisa ya usiku, na akaona ni vizuri, kwa kuwa mgao mzuri ni wa wanaowahi.

Wengine wakaanza kuingia. Wazee kumi na wanne, Yaya, nimewahesabu. Wamama wa vitenge juu ya makoti, mifuko ya raba imekunjwa kwapani. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ng'ombe wangu. Mkubwa wa shughuli, mwanamke mpole aliyevaa kama nyuki, mabawa na kila kitu, alipoona umati ule wa kwetu machozi yalimtoka. Miaka yote wanabandika karatasi, hatuji; mwaka huu wa tafsiri, tumekuja. Akaniomba niwatafsirie kwamba amefurahi mno. Nikawatafsiria. Mzee wa Mweso akaniambia, "Mwulize tunapanga mstari wapi."

Nikamwambia nyuki kwamba wazee wanashukuru kwa kualikwa. Ningesema nini kingine? Akaamuru wapewe namba na fulana bila kulipa. Wakazivaa juu ya makoti. Mzee wa Mweso akanitazama, mimi niliyempigia kumwambia hakuna mgao, na hakusema neno.

Saa tatu wakapiga king'ora. Wazee walidhani mstari umeanza kusogea, wakaufuata.

Kilomita mbili za kwanza ng'ombe alikwenda vizuri. Njia ilikuwa reli zamani, ni tambarare, imetiwa lami; kwa mtu wa milima yetu kilomita tano za namna hiyo ni safari ya kwenda kisimani, ukasahau kopo, ukarudi. Tatizo lilikuwa mwendo. Mimi nikisema kushoto, shemeji anasikia kulia, maana kichwa changu kilikuwa ndani ya kichwa. Tulipitwa na ndizi. Tulipitwa na masista wawili wenye ndevu. Tulipitwa na mjusi mkubwa wa kujazwa upepo, ana feni kiunoni inayomvimbisha. Betri ilikwisha mbele yetu, akanywea polepole mpaka akabaki mhasibu mmoja mwembamba ndani ya shuka ya kijani. Hata hivyo alitupita.

Kwenye kilomita ya tatu njia inaingia kwenye miti. Hapo ndipo walipojificha vijana wa sekondari, wamevaa mifupa, na mmoja ana msumeno wa injini uliotolewa mnyororo. Watu wa huku wanajua, wanapiga kelele za furaha. Sisi hatukuambiwa. Mfupa ule ulitoka kichakani, msumeno ukanguruma, mimi niliyekuwa na macho nikatoa sauti moja ambayo sitaiandika.

Shemeji hakuwa na macho. Alikuwa na masikio tu. Yaya, mtu aliyelala porini kati ya Kitchanga na Mweso akiwa na miaka kumi na minne, mdogo wake mgongoni, akisikia injini na kelele na vichaka vinasukumwa, hangoji kuelezwa. Zipu ilipasuka kama mgomba. Nyuma ya ng'ombe ikaondoka. Niligeuka nikaona mkia unapotea kwenye kona, miguu miwili ya nyuma inatupa mavumbi, anawapita masista, anampita ndizi, anampita mwalimu mkuu. Siku zote nilidhani shemeji ni mzito.

Mimi nilijikwaa kwenye nusu yangu, nikaanguka kifudifudi. Mfupa ukavua uso. Ni mtoto wa miaka kama 16, ana waya za meno, amenisimamia anatetemeka kuliko mimi, samahani baba, samahani. Na wakati huo akafika kijana wangu. Katika kisa cha koko, Mwindo akimgusa mfu kwa mkia wake, mfu anaamka. Kijana hakupoteza muda. Alinyanyua dekio akanipiga nalo kichwani mara tatu, akisema, "Papa, fufuka! Papa, fufuka!"

Nikafufuka. Watu wakapiga makofi. Binti yangu alikuwa amekwisha kupiga picha.

Hiyo ndiyo picha, Yaya. Mwambie mama hakuna uchawi ndani yake, ni hadithi ya mama yake mwenyewe.

Sasa matokeo. Huku hawapimi kwa macho. Ndani ya namba kuna kichipu, ukipita juu ya mkeka mashine inakuandika. Sheria inasema namba ikae kifuani, na ng'ombe wetu alikuwa na kifua kimoja tu, kwa hiyo namba zote mbili zilikuwa kwangu. Shemeji alipita mwisho akiwa amewaacha watu mia, na mashine haikuona mtu. Iliona matako ya ng'ombe. Mtangazaji alicheka kwenye kipaza sauti, akauliza mbele iko wapi. Mbele ilifika baada ya dakika ishirini na mbili, inatembea, imeshikwa mkono na Mwindo. Kwetu ndama akitanguliza nyuma tunaita mganga wa mifugo na ndoo ya maji ya moto. Huku walitupa peremende. Yule kijana wa msumeno alimfuata shemeji kumwomba radhi, mkono kifuani, kwa adabu kabisa. Shemeji alimsamehe, peremende akachukua mbili.

Mama watoto sikumsahau. Yeye alisema toka nyumbani kwamba anakuja kuangalia watoto tu. Hakuvaa kinyago, alivaa kitenge, sweta mbili na viatu vyake vya kazini. Alikuwa ameacha sombe jikoni, moto mdogo, akapiga hesabu ya muda. Kwenye kilomita ya pili kitindamimba wetu, aliyekuwa amevaa kama boga, alikaa chini akatangaza kwamba amefika. Mama yake akamweka mgongoni, akakaza kitenge, akatazama saa, akaanza kutembea ule mwendo wa kuwahi soko la Kitchanga kabla bei haijashuka. Ule mwendo si mbio. Lakini alipita waliokuwa wakikimbia. Alipita mwisho, hakujua ni mwisho, akachukua mandazi mawili mezani, akafungua gari, akaenda nyumbani.

Nyuma yake kukazuka kesi. Kulikuwa na zawadi ya mzazi wa kwanza mwenye mtoto kwenye kigari, na mama watoto alikuwa amewatangulia wenye vigari wote. Nyuki alitaka apewe. Mwanamume mmoja aliyevaa jeneza akasema karatasi inasema kigari, na mgongo si kigari. Binti yangu aliitwa kama shahidi. Nami nikaombwa maoni, nikiwa nusu ng'ombe bado, nikasema kwetu mgongo ndio kigari, na hiki chao ndicho mgongo wa kununua. Jeneza likakubali. Wakamwita jina mara tatu kwenye kipaza sauti, yeye yuko jikoni anakoroga. Nikapokea mimi: kikapu cha matofaa na kikombe. Nilipomfikishia aliuliza, "Kwani kulikuwa na mashindano?" Sombe haikuungua.

Wazee walimaliza wa mwisho, pamoja, wakiongea. Waliwapokea kwa shangwe kubwa kuliko aliyeshinda. Na hapo, Yaya, Mungu akaniaibisha. Yale maboga yaliyopamba njia, makumi kwa makumi, hayakuwa na kazi tena. Nyuki akaona wazee wana mifuko mitupu, akafurahi kwamba wamejiandaa, akaniambia niwaambie wachukue wanayotaka. Wakachukua. Kila mfuko ulijaa. Mzee wa Mweso alibeba matatu, fulana, maji, mandazi sita, akafunga buti la gari lake, akaja mpaka nilipokuwa nimekaa na kichwa cha ng'ombe mapajani.

"Ulisema hawagawi," akaniambia.

Tarehe 31 watoto walipita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, kama desturi ilivyo. Kitindamimba alibeba ule mfuko mweupe wa IOM tuliokuja nao kwenye ndege, na ulirudi mzito. Tarehe 1 tulikwenda misa. Jana wamerudisha saa nyuma, sasa mtatutangulia kwa saa saba badala ya sita, kwa hiyo mama asinipigie alfajiri yake tena.

Nina ombi moja. Nitafutieni mkia wa ng'ombe, mweupe, wa kweli, mkaushe vizuri, apewe mtoto wa baba mdogo atakapokuja mwezi wa sita. Aandike wazi kwenye karatasi ya forodha kwamba ni mkia, asifiche. Mwakani tarehe 31 Oktoba ni Jumamosi hasa, na shemeji amekwisha kusema yeye ndiye atakaa mbele.

Mzee wa Mweso alinipigia jana jioni kuuliza mgao wa mwezi huu ni tarehe ngapi. Nilianza kumweleza, nikakumbuka kwamba kwenye duka la Waafrika wamekwisha bandika karatasi nyingine, ya mbio za sikukuu ya bata mzinga. Nikamwambia tarehe 27, saa tatu kamili asubuhi, abebe mfuko.